Tupeane uzoefu: kutembea kwa miguu Kariakoo na Posta, yalikukuta yapi?

Mwenye uzi: Wakuu heshima kwenu. Nimetoka Mtaa wa Kongo sasa hivi bado nahema. Nyumba za zamani zinavunjwa, maghorofa yanaota kila kona, na mbele ya kila ghorofa njia ina ngazi zake na kimo chake, unapanda unashuka unapanda, mwisho unajikuta barabarani na bodaboda. Hivi wanaochora hii mitaa huwa wanatembea kweli? Yaliyokukuta mwaga hapa.

Mtoto wa Buguruni: Umenigusa mkuu. Sina la kuongeza.

Mama Wawili: Huu uzi umenirudisha mbali. Ilikuwa msimu wa mvua, nimempeleka mama kununua vitenge, anatembelea fimbo. Kituo cha Msimbazi tumeshuka vizuri, pale pa mabasi ya mwendokasi njia pana, tambarare, hata akasifia. Kukata kona tu kuingia ndani, meza za viatu, sanamu la dukani limevalishwa dera katikati ya njia, guta la mzigo limeegeshwa, ikabidi tushuke barabarani, nyuma kirikuu cha mzigo kinapiga honi, mama akasogea pembeni, fimbo ikazama na yeye akafuata. Chemba haina mfuniko, walishauza chuma chakavu, na maji yamejaa juu huoni kitu. Alizama mpaka kiunoni jamani, mtu mzima yule, kanga imepanda, maji meusi, mimi nafungua mdomo sauti haitoki. Waliomtoa ni vijana wa mitumba, waliacha nguo zao zinakanyagwa, mmoja akavua shati akamsitiri. Kifundo kilivunjika.

Mtoto wa Buguruni: Dah, pole sana dada. Mama anaendeleaje?

Kisutu One: Pole. Ila tuseme ukweli, hao hao wamachinga ndio waliomtoa mama kwenye njia yake. Oktoba 2021 walipoondolewa tulipita kwa raha, sasa hivi wamerudi wote.

Muuza Soksi: Mkuu wewe unaongelea kwenye kiyoyozi. Mimi 2021 nilipelekwa sokoni ndani, mteja wa soksi hapandi ghorofa kutafuta soksi, ananunua akiwa anapita. Anayetembea ndiye anayenilisha, hiyo njia pana naitaka kuliko wewe. Wachore mstari, meza upande mmoja, watu upande mwingine.

Kisutu One: Mstari ulichorwa, mkausogelea mkaumeza.

Muuza Soksi: Na mfuniko wa chemba tuliumeza sisi?

Mama Wawili: Msigombane kwenye msiba wangu. Waliomtoa walikuwa machinga, siwezi kuwasema vibaya.

Jamaa wa Nairobi: Poleni ndugu zetu. Huku Luthuli Avenue ilikuwa hivyo hivyo, mwaka 2019 ikafanywa ya upande mmoja, matatu zikatolewa, njia ya miguu ikapanuliwa, kukawekwa miti na viti. Rafiki yangu ana duka la spika pale, alilalamika vibaya sana kuhusu mzigo utashukaje. Leo jaribu kumgusia hiyo barabara uone atakavyoitetea.

Kisutu One: Hata kwetu inawezekana. Kipande cha Morogoro Road pale mjini, tangu mwendokasi ianze 2016 unatembea bila kugombana na gari binafsi. Kwanini kiishie pale?

Bi Mkubwa Unguja: Njooni Mji Mkongwe, vichochoro vyetu vilijengwa kwa mguu. Ila vespa nazo zatukomesha siku hizi.

Dereva Mstaafu: Ushauri wangu, tembea ukitazamana na magari, pembeni ndiko kwenye mashimo.

Mtoto wa Buguruni: Mzee unataka tuzikwe? Nenda alfajiri kabla meza hazijapangwa, basi.

Muuza Soksi: Alfajiri malori ya mzigo yanashusha, hupiti ng'o.

Mama Wawili: Mliouliza, mama anatembea, ila Kariakoo hakanyagi tena, vitenge ananituma mimi.

Muuza Soksi: Dada, kona ipi hiyo? Kama ni hii ya kwetu tumeweka tairi na kijiti chenye kitambaa chekundu, mfuniko hatujauona mpaka leo.