Tumeombwa kulishauri shirika linalokopesha akina mama Singida, tuanzie wapi?

Kisima Kirefu

Wakuu, habari za kazi. Tuko wanne: mhasibu, mtu wa mikopo benki, mtu wa mifumo, na mimi wa manunuzi. Bodi ya shirika moja lisilo la faida mkoani Singida imetuomba tulishauri kwa kujitolea kwa wiki 10. Linakopesha mama lishe, akina mama wa genge na wakulima wa alizeti. Wateja ni 412 katika vikundi 23, maafisa mikopo 3, na salio la mikopo lililo mikononi mwa wateja ni shilingi milioni 96.

Mkopo ni kati ya 200,000 na 600,000. Riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, inapigwa kwenye mkopo wote, na rejesho ni kila wiki kwa wiki 24. Kila mkopaji anakatwa asilimia 10 kama "akiba ya dhamana", inakaa kwenye akaunti ya shirika. Imeshafika milioni 14. Mwezi uliopita riba iliyoingia ni milioni 4.1, matumizi milioni 5.9. Mfadhili anaondoka mwakani.

Meneja anasema marejesho ni asilimia 97, kwa hiyo bodi inataka tuwaandikie andiko la kuomba mtaji zaidi. Naomba ushauri, hasa wa waliobobea kwenye mikopo midogo.

Salio Halisi

Mkuu, andiko liwekeni kando kwanza. Namba ulizoleta zenyewe zinapingana.

Chukua mkopo wa 600,000 kwa miezi 6, riba 3.5 juu ya mkopo wote. Riba ni 126,000, jumla 726,000, na tukirahisisha kwa rejesho la mwezi ni 121,000. Lakini mama hakai na 600,000 miezi yote sita, kila mwezi anapunguza. Ukipiga hesabu kwenye salio analobaki nalo, anatozwa kama asilimia 5.7 kwa mwezi. Kwa marejesho ya wiki inapanda zaidi kidogo.

Sasa zidisha 5.7 kwa salio la milioni 96. Mngetakiwa kuona karibu milioni 5.5 za riba kwa mwezi, nyie mnaona 4.1. Mikopo inayolipwa kwa asilimia 97 haiachi pengo la milioni 1.4 kila mwezi. Kuna fedha zimelala, na ile 97 inazificha. Mara nyingi inapatikana hivi: makusanyo yote ya mwezi, pamoja na waliolipa mapema na madeni ya zamani, yanagawanywa kwa yaliyotakiwa mwezi huo tu. Au mteja aliyekwama anapewa mkopo mpya unaofunga wa zamani, na kwenye karatasi anaonekana amemaliza.

Ombeni orodha ya kila mkopo: tarehe ya kutoka, kiasi, salio, tarehe ya rejesho la mwisho. Panga kwa siku za kuchelewa: 1 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, zaidi ya 90. Halafu chukua salio LOTE la kila mkopo uliochelewa zaidi ya siku 30, siyo rejesho lililochelewa peke yake, ugawe kwa milioni 96. Hiyo ndiyo PAR 30, yaani sehemu ya mikopo iliyo hatarini kwa kuchelewa zaidi ya siku 30. Ikivuka asilimia 10, kuongeza mtaji ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mikopo mipya inakuwa bado haijapata muda wa kuchelewa, kwa hiyo itashusha asilimia kwa miezi michache na kila mtu atadhani hali imetengemaa.

Jambo la pili, 4.1 kwa 5.9 maana yake mapato yanabeba asilimia 69 ya gharama, kabla hata hamjatenga fungu la mikopo chechefu, ile isiyolipika. Mkitenga milioni 1 tu kwa mwezi, mnashuka hadi 59.

Wakili wa Kijiweni

Mimi kilichonishtua ni hiyo milioni 14.

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kanuni zake za 2019, watoa huduma wamewekwa madaraja manne. Wanaokopesha bila kupokea amana ni daraja la pili, chini ya leseni ya Benki Kuu. SACCOS ni daraja la tatu, VICOBA na vikundi vya aina hiyo daraja la nne. Daraja la pili hairuhusiwi kupokea amana. Ukimkata mama asilimia 10 ukaiweka kwenye akaunti yako, ukiita akiba, dhamana au jina lolote, umeshika pesa za watu. Swali la kwanza kwa meneja: leseni iko wapi na inasoma jina la nani? Usajili wa shirika lisilo la kiserikali hauwi leseni ya kukopesha.

Swali la pili: hiyo milioni 14 iko benki leo, au imekopeshwa? Ombeni taarifa ya benki ya siku hiyo hiyo, msiridhike na leja. Ikiwa benki kuna milioni 3, basi milioni 11 za akina mama zimekopeshwa akina mama wengine, na siku kikundi kimoja kikitaka chake patachimbika.

Kuitoa akiba hiyo mikononi mwa shirika si kazi ya siku moja lakini inawezekana ndani ya mzunguko mmoja. Simamisheni makato kwa mikopo mipya. Fungueni akaunti tofauti isiyoguswa na matumizi, mjaze pengo kidogo kidogo kutoka kwenye marejesho kabla ya kutoa mkopo mpya. Kila anayemaliza wiki ya 24 arudishiwe chake siku hiyo na asaini. Akiba ibaki kwenye kikundi chenyewe: kisanduku cha kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, kinafunguliwa mbele ya mkutano tu.

Na huyo mama anayekatwa 60,000 anaondoka na 540,000 huku riba inahesabiwa kwenye 600,000. Kwa mfano wa Salio Halisi, gharama yake inapanda hadi kama 6.8 kwa mwezi, hata kama 60,000 atarudishiwa mwishoni. Ukomo wa riba kwa daraja la pili ni 3.5 kwa mwezi. Tozeni kwenye salio linalopungua: mkopo ule ule unakuwa rejesho la 112,600, riba yote kama 75,600. Watu wanalalamikia mikopo ya kausha damu, shirika la kupambana na umaskini lisiwe mlango mwingine wa kule kule.

Mama Daftari

Orodha ya ofisini pekee haitoshi, nendeni vikundini. Chagueni vikundi 5 bila kumwambia afisa, mmoja wenu akae na madaftari ya wateja, mwingine na karatasi ya makusanyo, wa tatu na mfumo. Rejesho moja lisome sawa sehemu zote tatu.

Shika daftari lenyewe uliangalie vizuri. Daftari la kweli lina wino tofauti, saini zinazoyumba, ukurasa wenye alama ya vidole vya unga. Ukikuta wiki nane mfululizo zimejazwa kwa kalamu moja, mwandiko ule ule, mstari umenyooka, limejazwa siku moja. Muulize mwenye daftari, siyo afisa: "Wiki iliyopita ulilipa ngapi, na ulimpa nani?"

Pesa taslimu mkononi mwa afisa ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo. Wekeni lipa namba ya shirika, kila kikundi kilipe chenyewe na meseji ya muamala inakiliwe kwenye daftari. Na ulizeni kama wateja wana mkopo wa halmashauri usio na riba, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Mama mwenye madeni matatu hulipa lenye kelele zaidi.

Kisima Kirefu

Shukrani sana. Jumamosi tunaenda na orodha hiyo. Swali: wakulima wa alizeti ni theluthi ya wateja na meneja anasema ndio "wasumbufu". Tuwaondoe?

Gunia la Tatu

Siyo wasumbufu, Mkuu, mkopo ndio haujawakaa. Alizeti inapandwa Desemba na Januari, inavunwa Mei na Juni. Mkulima aliyekopa Desemba anaanza kudaiwa wiki ijayo wakati shambani hata haijachipua. Analipaje? Anauza kuku, anakopa kwa jirani, au anakata kipande cha mtaji wenyewe na kukirudisha kama rejesho. Februari palizi inafika hana hata mia.

Toeni kwa awamu mbili: ya kulima na mbegu mwishoni mwa Novemba, ya palizi mwishoni mwa Januari baada ya afisa kulifikia shamba. Riba ilipwe kidogo kila mwezi ili mawasiliano yasikatike, mtaji ulipwe Julai. Akilazimishwa kulipa Mei mwishoni atauza gunia kwa bei ya chini kabisa, maana kila mtu anauza.

Ila msivuke robo ya salio lote kwenye alizeti. Mvua ikikata, inakata kwa kikundi kizima siku moja, na hapo kudhaminiana hakusaidii: mdhamini naye hana.

Salio Halisi

Naunga mkono, na niongeze hapo kwenye kudhaminiana. Waulizeni maafisa wanafanya nini mama akichelewa wiki mbili. Ikiwa wenzake wanambebea sufuria na meza ya biashara, kwenye hesabu mmelipwa na mtaani mmemrudisha alikotoka. Aliyefiwa, aliyeugua na aliyekimbia na pesa si mtu mmoja. Andikeni utaratibu wa kurasa mbili: nani anasogezewa ratiba, kwa muda gani, nani anaidhinisha. Na mkopo uliosogezewa ubaki kwenye hesabu ya PAR mpaka alipe marejesho kadhaa mfululizo, la sivyo mtaipata tena ile 97.