Aereta za juu ya maji au difyuza za sakafuni? Naomba ushauri kabla hatujasaini

MsimamiziZamu

Habari za kazi wakuu. Nasimamia mtambo wa kusafisha majitaka kwa njia ya tope hai, yaani tope lenye bakteria wanaokula uchafu wakipewa hewa. Nimekwama, naomba mnifungue macho.

Tunapokea mita za ujazo 6,000 kwa siku. Maji yanayoingia tangi la hewa yana BOD (oksijeni ambayo bakteria wanaihitaji kula uchafu uliomo) ya karibu 300 mg/l na amonia karibu 40. Kina cha maji ni mita 4.5, joto lake 27°C. Hewa tunaingiza kwa aereta nne za juu ya maji, zile zinazozunguka polepole kupitia giaboksi, kila moja ina mota ya kilowati 30. Giaboksi la mojawapo limekufa, kwa hiyo zinazofanya kazi ni tatu.

BOD inatoka vizuri kabisa. Amonia ndiyo inatutesa, haishuki chini ya 15. Oksijeni iliyoyeyuka saa nne asubuhi inasoma 0.3 mpaka 0.5, usiku wa manane inapanda mpaka 3 na ushee.

Sasa kuna muuzaji ametuletea pendekezo la kung'oa aereta zote na kuweka sakafuni difyuza za viputo vidogo, zile zinazopuliza hewa kupitia vitundu, pamoja na blowa, mashine ya kusukuma hiyo hewa. Karatasi yake inasema tutapata kilo 5 za oksijeni kwa kila kilowati-saa, wakati aereta zetu zinatoa 1.8. Uongozi umeshawishika kwa sababu bili ya umeme imewachosha. Mimi difyuza sizipingi, ila nataka nijue tunachonunua. Mnasemaje?

HewaNaMaji

Mkuu, hizo namba zake zote mbili ni za maji safi, kwenye 20°C, oksijeni ikianzia sifuri. Tangi lako haliko hivyo. Sabuni na mafuta yaliyomo kwenye majitaka yanajipanga kwenye ngozi ya kiputo na kuizuia oksijeni isipite, na kiputo kidogo kinaathirika zaidi kuliko maji yanayorushwa hewani na aereta. Sehemu ya uwezo wa maji safi inayobaki baada ya hasara hiyo ndiyo alfa. Kwa difyuza za viputo vidogo huwa 0.4 hadi 0.6, kwa aereta za juu ni 0.8 na kuendelea.

Tupige hesabu. Una BOD kilo 1,800 kwa siku na amonia kilo 240. Kila kilo ya BOD iwekee kilo 1.1 ya oksijeni, na kila kilo ya nitrojeni ya amonia inataka 4.57. Jumla takriban kilo 3,100 kwa siku, yaani karibu 130 kwa saa. Aereta yako ya 1.8, ukiipunguza kwa alfa, kwa joto la maji na kwa zile 2 mg/l unazotaka zibaki tangini, inabaki na kama 1.1. Zikiwa nne unapata kilo 130 kwa saa. Zikiwa tatu, 100.

Maana yake hata zote nne zikizunguka zinatosheleza wastani tu, mzigo wa asubuhi unazishinda. Na oksijeni ikiwa haba, bakteria wanaokula BOD wanaiwahi kwanza, wale wa amonia wanabaki bila kitu. Ndiyo hali unayoieleza.

Hiyo 5 ya muuzaji nayo ikipita njia hiyohiyo itakuja kati ya 1.5 na 2. Bado ni zaidi ya 1.1, sikatai, lakini ile karibu mara tatu anayoiuza haipo. Mwambie aandike kwenye mkataba kilo za oksijeni katika hali ya tangi lenu, na alfa aliyoitumia aitaje.

DadaMaabara

Kabla ya kulaumu hewa peke yake, kaka, tupe pH na ualkali (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) wa maji yanayotoka, na umri wa tope lako, yaani siku linazokaa mtamboni kabla ya kutolewa. Nimeona watu wakiongeza blowa wakati bakteria wa amonia wanatolewa na tope la ziada kila siku kabla hawajazaliana.

FundiBlowa

Swali langu ni moja: una matangi mangapi ya hewa? Nauliza kwa sababu difyuza iko chini ya mita nne za tope. Utando wake wa mpira hudumu kati ya miaka 5 na 10, na maji yenye viyeyusho au mafuta mengi huukausha ukawa mgumu mapema. Utajua vitundu vinaziba pale presha ya blowa inapopanda huku hewa ni ileile. Ukiona mahali pamoja maji yanachemka kwa mapovu makubwa, ujue utando umechanika au bomba limeachia. Kulitengeneza hilo lazima ukaushe tangi.

Aereta ya juu unaifikia ukiwa umesimama kwenye daraja.

Mtaro

Kwa nini msiweke difyuza za viputo vikubwa? Hazizibi.

HewaNaMaji

Hazizibi kweli, lakini kiputo kikubwa kinapanda haraka na ngozi yake ni ndogo ukilinganisha na hewa iliyobeba. Kwa kila mita ya kina kinaachia kama asilimia 2 ya oksijeni yake katika maji safi, kidogo kinaachia kama 6. Alfa yake ni nzuri zaidi ndiyo, ila haizibi pengo hilo. Zinafaa kwenye matangi ya kuhifadhia tope zito. Kwa bili ya umeme ya mkuu hapa hazimsaidii.

MsimamiziZamu

Asanteni sana wakuu. Nawajibu.

Dada, pH inatoka 7.1, ualkali 150 mg/l, umri wa tope siku 9.

FundiBlowa, tangi ni moja tu. Hatuna pa kupeleka maji tukilikausha.

FundiBlowa

Basi usisaini kama lilivyo. Tangi moja na difyuza zilizofungwa sakafuni kwa boliti ni mtego. Siku ya kwanza bomba likiachia, unachagua kati ya kumwaga majitaka mabichi na kuendelea na tangi lililokufa nusu. Kama lazima ziwe difyuza, ziwe za fremu zinazonyanyuliwa kwa kreni, fremu moja moja, nyingine zikiendelea kupuliza. Yapo hayo, muuzaji anayajua. Na kila fremu iwe na valvu yake na kabomba ka kutolea maji yanayojikusanya kwenye mabomba ya hewa. Kabomba hako watu wanakasahau, halafu wanashangaa upande mmoja wa tangi haupulizi.

Umeme ukikatika mara kwa mara uliza pia aina ya difyuza. Utando wa mpira unajifunga wenyewe hewa ikikatika. Zile za kauri zinaachia tope liingie kwenye vitundu.

DadaMaabara

Umri wa siku 9 kwenye 27°C unatosha kabisa kwa bakteria wa amonia. Kwa hiyo nakubaliana na HewaNaMaji, shida ni oksijeni.

Ila tazama ualkali. Kila miligramu ya nitrojeni ya amonia inayogeuzwa inakula miligramu 7.14 za ualkali. Siku utakayopata hewa ya kutosha, hizo 15 zilizobaki zitakula zaidi ya 100, na utabaki na kama 40 au 50. Hapo pH inaanza kuyumba, na bakteria haohao wa amonia ndio wa kwanza kulegea. Utadhani vifaa vipya vimefeli kumbe maji yameishiwa ualkali.

Dawa nzuri ni kuacha sehemu ya mwanzo ya tangi bila hewa, ikiwa na kichanganyio tu, na kurudishia huko maji yenye nitrati, ambayo ndiyo amonia ikishageuzwa. Bakteria wanavuta oksijeni kutoka kwenye nitrati na unarudishiwa karibu nusu ya ualkali. Kwa kila kilo ya nitrojeni ya nitrati inayoondoka hivyo unaokoa kilo 2.86 za oksijeni ambazo ungezilipia umeme. Na tope halitaelea kwenye tangi la kutuamia kwa gesi ya nitrojeni. Usije ukaichoka hatua hii kwa sababu haina mashine ya kuonyesha wageni.

MsimamiziZamu

Hilo la ualkali hakuna aliyewahi kutuambia. Sasa nimwambie nini bosi wangu wiki hii? Anataka jibu la umeme, siyo la amonia.

HewaNaMaji

Mwambie kwanza atengeneze giaboksi la nne, gharama yake haikaribii mradi mzima. Pili afunge inveta, kifaa cha kubadili mwendo wa mota, kwenye aereta mbili, zifuate kipimo cha oksijeni. Usiku unasoma 3 na ushee, huo ni umeme unaopotea. Katika joto lenu maji yanashika kama 7.6 mg/l tu za oksijeni. Nguvu inayoisukuma oksijeni iingie ni tofauti kati ya 7.6 na iliyomo tayari. Ukikaa kwenye 2 tofauti ni 5.6, ukikaa kwenye 4 ni 3.6. Kutoka 2 kwenda 4 kunakudai kazi zaidi ya nusu tena, na bakteria hawapati faida yoyote. Lakini usishushe mwendo mpaka tope likaanza kutuama chini ya tangi, kwa sababu aereta ndiyo inayochanganya pia.

Pili na nusu: angalia kimo cha maji. Aereta hizi zinabadilika sana kwa sentimita chache za kuzama. Pandisha kizingiti cha kutokea maji kidogo kidogo huku mtu anasoma ampea za mota, usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye kibao chake. Na kama mafundi umeme waliwahi kufungua nyaya, hakikisha zote zinazunguka upande unaotakiwa.

Zikiwa nne na kimo kiko sawa, pima oksijeni saa nne asubuhi sehemu kadhaa za tangi na kwa vina tofauti. Isipofika 1.5, hapo una ushahidi wa kuongeza fremu mbili tatu za difyuza za kunyanyulika upande wa kuingilia maji, kule mzigo ni mkubwa, na aereta mnazibakiza.

Mtaro

Kuna waliosema oksijeni tupu kutoka kwenye matangi ya gesi?

HewaNaMaji

Inafanya kazi. Kwa mtambo wa ukubwa huu, wenye eneo na hewa ya bure, sioni sababu.

MsimamiziZamu

Nimeelewa wakuu. Giaboksi naliombea kibali kesho, na vipimo vya vina tofauti naanza navyo keshokutwa asubuhi kutoka kwenye kingo za daraja.

FundiBlowa

Zima aereta ya karibu kabla hujainama na kipimo, na uwe na mwenzako wakati wote. Maji yaliyojaa hewa hayambebi mtu kama maji ya kawaida, hata anayejua kuogelea, na mkondo wa aereta unavuta. Vaa koti la kuokolea na boya liwe mkononi mwa mwenzako, siyo stoo.