Kufuli la U la baiskeli linakwama baada ya miezi mitano, muuzaji anakwepa waranti. Nianzie wapi?

Ndizi_za_Rungwe (mleta mada):
Salaam wakuu. Nina kufuli la U, chuma chake milimita 14, la Sh 48,000, limenunuliwa Mwanjelwa, Mbeya, mwezi wa tatu mwaka huu. Kwenye boksi wameandika waranti ya miaka 2 kwa kasoro za kiwandani. Wiki ya tatu sasa ufunguo unaingia, unazunguka robo, halafu unagoma. Ukiutikisatikisa mara nane au kumi linafunguka.

Muuzaji anasema ni vumbi tu la kiangazi, niende kwa fundi ufunguo. Akaninyooshea kidole kibao cha ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Risiti ya EFD ninayo, ila maandishi yameanza kufifia.

Maswali: nitajuaje kama ni vumbi au ni kufuli lenyewe? Nikitia mafuta, waranti inakufa? Na akikataa kabisa, pa kwenda ni wapi? Nimeambatanisha picha za kufuli, funguo mbili na kikadi kilichokuja nazo.

Spoku_Iyunga:
Kabla ya yote, futa picha ya kikadi. Hiyo namba iliyogongwa pale ni namba ya ufunguo. Mwenye mashine na jedwali la kiwanda anaweza kuchonga ufunguo wako bila kuliona kufuli. Inakili kwenye daftari, kikadi kiweke nyumbani, kisikae kwenye bunda la funguo unalotembea nalo. Halafu tuendelee.

Ndizi_za_Rungwe:
Nimefuta. Asante mkuu, hata sikuwaza.

GrendaNaMsumeno:
Swali la kwanza linajibika nyumbani kwa dakika kumi na bila kufungua hata skrubu moja. Usifungue skrubu wala usitoboe chochote, maana hapo ndipo waranti nyingi hufia.

Kufuli likiwa limefunguka, chomoa chuma cha U kiweke pembeni. Bakisha ule mwili wenye tundu la ufunguo, kisha zungusha ufunguo mara ishirini, kwenda na kurudi. Kama unazunguka laini mara zote ishirini, silinda, yaani kile kipande cha ndani kinachozungushwa na ufunguo, ni nzima. Ugomvi upo kati ya ndimi za kufuli na mapengo yaliyochongwa kwenye miguu ya U: ama pana tope limeganda, ama U imepinda kidogo, ama unafunga kwa kubana hadi chuma kinavuta upande. Ukigoma hata bila U, shida iko ndani ya silinda au ni ufunguo.

Rudia zoezi lote kwa ufunguo wa akiba, ule ambao haujatumika. Wa akiba ukizunguka vizuri na wa kila siku ukagoma, ufunguo ndio umelika au umejipinda. Ulaze juu ya kioo cha dirisha uone kama mwanga unapita chini yake.

Jaribio la tatu watu wengi hulisahau. Kwa peni ya wino mzito chora mstari kwenye ufunguo pale unapoishia mdomoni mwa tundu. Puliza tundu, ingiza tena, tazama mstari. Kufuli nyingi za U za bei hiyo zina visahani ndani badala ya pini. Kila mkato wa ufunguo lazima ukae kwenye kisahani chake, kwa hiyo tope la milimita moja tu kule mwisho wa tundu linatosha kuvikosesha mpangilio. Dalili yake ni hii hii yako: robo, halafu kugoma. Ila dalili hiyo pia huletwa na kisahani kilichotoka kiwandani na ukingo mbaya, ndiyo maana unapima kwanza na kuhukumu baadaye.

Rekodi majaribio yote kwa simu, video moja isiyokatwa. Itakusaidia dukani kuliko maneno.

Mama_wa_Keria:
Tia mafuta ya cherehani matone matatu, zungusha, limekwisha hilo. Mnamchosha dada wa watu na vipimo.

GrendaNaMsumeno:
Mama, ungesema hivyo mwezi wa pili na mvua zinanyesha, ningekuachia. Mwezi huu wa nane, kwa vumbi la barabara ya Uyole, mafuta yanakuwa gundi: vumbi linakaa juu yake na ndani ya wiki mbili unapata udongo wa mfinyanzi kwenye silinda. Grisi ni mbaya zaidi, maana asubuhi za baridi huku kwetu inaganda na visahani vinachelewa kurudi mahali pake. Mafuta ya kula yanageuka utomvu. Petroli inaweza kula kile kifuniko cha plastiki.

Spoku_Iyunga:
Naongezea kuhusu WD-40, maana kila mtu huikimbilia. Inafukuza maji na kulegeza uchafu, hilo inalifanya vizuri. Kulainisha kwa muda mrefu si kazi yake. Ukiipuliza leo, kufuli litacheka wiki moja kisha linarudi kununa.

Utaratibu wa kusafisha, video ikishapigwa:

Geuza tundu litazame chini. Nenda wanakojaza upepo wa magari, puliza kwa vipindi vifupi vitano au sita, ukigonga mwili wa kufuli na mpini wa bisibisi katikati. Likitoka vumbi la rangi ya matofali, ujue ni hilo. Kama bado pazito, pitisha spirit ya duka la dawa, mililita tano kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ingiza na kutoa ufunguo mara kumi huku ukiufuta kila unapotoka. Acha likauke masaa mawili. Tundu likiwa bado chini, jamani, usilisimamishe likanywa.

Kilainishi cha mwisho: kile karatasi ya kufuli ilichosema, hicho hicho. Kuna viwanda vinavyotaka kilainishi kikavu cha tefloni, vingine mafuta mepesi ya kwao. Karatasi ikiwa kimya, tumia unga wa grafiti. Ukikosa, saga risasi ya penseli ya 2B, kidogo tu cha kupaka ufunguo pande zote mbili. Usichanganye grafiti na mafuta, inakuwa lami.

Ndizi_za_Rungwe:
Na waranti je? Akisema nimelichezea?

Karani_wa_Kabwe:
Kusafisha na kulainisha kwa njia iliyoandikwa kwenye karatasi ni matunzo. Waranti nyingi hata zinayadai: zinasema hazihusiki na kutu, uchakavu wa kawaida na kukosa kulainishwa. Kinachoiua ni kufungua silinda, kutoboa, kukata, au kuchongesha ufunguo wa mtaani na kuulazimisha. Kwa hiyo usiende kwa fundi ufunguo kabla hujamalizana na muuzaji, hata kama ndiye anayekutuma huko. Na kama anang'ang'ania uende, aandike kwenye karatasi kwamba yeye ndiye kakuelekeza. Uone kama ataandika.

Soma tena boksi. Mara nyingi pana ahadi mbili watu huzichanganya. Moja ni ya kasoro za utengenezaji, hiyo ndiyo yako. Nyingine ni fidia ya kuibiwa baiskeli kufuli likivunjwa. Hiyo ya pili kwa kawaida inataka ujiandikishe ndani ya siku chache baada ya kununua, na hutolewa kwa nchi zilizotajwa tu. Usiipotezee muda.

Risiti: ile karatasi inachapwa kwa joto, si kwa wino, ndiyo maana inafifia, na ikikaa kwenye pochi karibu na mwili ndiyo kabisa. Leo hii ipige picha mchana kweupe, kisha toa fotokopi mbili. Hakikisha namba ya uhakiki na ile alama ya mraba vinasomeka. Kwa namba hiyo, risiti inaweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya TRA hata karatasi ikibaki nyeupe.

Kibao cha ukutani kisikutishe. Anayekuuzia bidhaa kwa biashara ana wajibu kwamba iwe ya ubora unaofaa kwa matumizi yake, hilo limo kwenye Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu haki na waranti alizonazo. Mkataba wako ni na aliyekuuzia, kwa hiyo habari za "kiwanda kiko nje" ni zake na msambazaji wake.

Lakini niwe mkweli. Umelitumia miezi mitano, kwa hiyo ukienda na neno "nirudishie hela yangu yote" unaegemea mguu dhaifu. Kurudisha mali na kuchukua fedha ni haki inayopungua nguvu kadiri unavyoendelea kuitumia. Dai lenye nguvu ni kile boksi linachosema: tengeneza au badilisha. Anzia hapo, fedha iwe neno la mwisho.

Mbuzi_wa_Makambako:
Sh 48,000 mnaandikiana sheria? Nunua lingine mkuu, maisha yaendelee.

Karani_wa_Kabwe:
Barua ni ukurasa mmoja na fotokopi ni shilingi mia kadhaa. Akinunua lingine pale pale, la boksi lile lile, na kisahani kibovu kile kile, tutakutana hapa mwezi wa kwanza.

Mleta mada, barua yako iwe fupi hivi:

"Tarehe … nilinunua kwako kufuli la baiskeli aina ya …, risiti namba …, kwa Sh 48,000. Boksi lina waranti ya miaka 2 kwa kasoro za utengenezaji. Tangu tarehe … ufunguo unazunguka robo na kukwama. Nimejaribu funguo zote mbili, chuma cha U kikiwa kimetolewa, na kusafisha kwa njia iliyoelekezwa. Video ninayo. Naomba ulitengeneze au unipe lingine ndani ya siku 14. Nambatanisha nakala ya risiti na picha ya boksi."

Nakala mbili. Asaini na kugonga muhuri kwenye yako. Akikataa kusaini, mtumie picha ya barua kwa WhatsApp, tarehe na saa vitabaki. Ongea naye kwa heshima, umsalimie kwanza, maana wengi wanakubali wakiona karatasi bila kelele.

Siku 14 zikipita kimya, peleka karatasi hizo hizo Tume ya Ushindani, FCC. Wana ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya, na malalamiko ya mlaji ni kazi yao.

Spoku_Iyunga:
Akikubali kulipeleka kwa msambazaji Dar, usimkabidhi funguo zote. Mpe kufuli na ufunguo mmoja, aandike kwenye karatasi: kufuli moja, ufunguo mmoja, namba ya kufuli, tarehe. Na mwulize gharama ya kifurushi cha basi ni ya nani kabla halijapakiwa. Ugomvi mwingi wa waranti ya vitu vidogo uko kwenye nauli, kitu chenyewe hakina neno.

GrendaNaMsumeno:
Na kuanzia leo usilifunge tena kwenye baiskeli. Likikwama likiwa limefungwa pale sokoni, itabidi grenda, na kufuli lililokatwa hakuna atakayelibadilisha.

Ikitokea tayari limekwama: usilazimishe ufunguo kwa koleo, ukikatikia ndani umeongeza tatizo. Inua baiskeli ili uzito usilale kwenye kufuli, sukuma miguu ya U kuelekea ndani ya mwili wa kufuli, na huku umesukuma zungusha taratibu. Mara nyingi ndimi zinaachia. Zikigoma kabisa, piga picha kwanza, uwe na risiti ya baiskeli na mjumbe wa nyumba kumi au mlinzi wa eneo pembeni, kwa sababu mtu anayekata kufuli mchana Mwanjelwa anaweza kupigwa kabla hajajieleza. Diski nyembamba ya kukatia ya milimita 1, kitambaa kilichoroweshwa juu ya tairi na fremu, miwani machoni. Kama kufuli linashika miguu yote miwili, mkato mmoja hautoshi, U haizunguki. Kata mara mbili, ukiacha nafasi ya vidole viwili.

Ndizi_za_Rungwe:
Nimerudi na majibu. Bila U: mara ishirini, imegoma mara saba. Ufunguo wa akiba: imegoma mara sita. Mstari wa peni: ufunguo unaingia hadi mwisho, kabla na baada ya kupuliza. Vumbi lililotoka ni kidogo sana. Nimepitisha spirit na penseli, imegoma tena mara sita.

GrendaNaMsumeno:
Basi ufunguo si tatizo, tope si tatizo, U si tatizo. Imebaki silinda, na hiyo ni ya kiwandani. Andika hizo namba kwenye barua kama ulivyoziandika hapa: saba kwa ishirini, sita kwa ishirini, sita tena baada ya kusafisha.

Mama_wa_Keria:
Haya, mafuta yangu nimeyarudisha kwenye cherehani. Hizo siku 14 utafungia nini?

Ndizi_za_Rungwe:
Nimeazima mnyororo na kufuli dogo la kawaida. Jumamosi asubuhi naenda na barua.

Spoku_Iyunga:
Mnyororo upitishe kwenye fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja, na kufuli lining'inie juu, mbali na ardhi. Likigusa lami mtu anapata pa kuegemeza nyundo. Na akikupa kufuli jipya, lijaribu mara ishirini pale pale juu ya meza yake, kwa funguo zote mbili, kabla hujasaini kupokea.