Saratani ya ulimi: bakteria wa ndani ya uvimbe wakiuawa, mzee atapona bila kukatwa?

Kipepeo wa Feri: Wakuu habari za jioni. Mzee wangu amekutwa na saratani ya ulimi, ubavu wa kushoto. Nimesoma kwamba ndani ya uvimbe wenyewe wanaishi bakteria, fusobakteria wakiwemo, na wingi wao unahusiana na mgonjwa ataishi muda gani. Sasa tukiwamaliza mapema? Naombeni ushauri, silali.

Mama Wawili: Pole sana. Jirani yetu naye alikuwa na kidonda ulimini, kumbe jino lililovunjika linamchoma. Liling'olewa, wiki mbili kimya. Ila yule alikuwa mbishi, mpaka mkewe...

Nyundo: Ugoro, kuberi, tambuu. Tukisema mnanuna.

Jino la Mwisho: Natibu meno. Fusobakteria ni wenyeji wa kinywa, hata wewe unao kwenye ukoga wa meno. Kwenye saratani ya utumbo mpana, wakijaa uvimbeni mara nyingi ni dalili mbaya. Ila kwa saratani za kinywa na koo, tafiti kadhaa zimekuta kinyume: waliokuwa nao wengi ndio walioishi zaidi. Kwa hiyo usikimbilie kuwaua. Kinachotutisha sisi ni uvimbe umezama kiasi gani na kama umefika kwenye tezi za shingo. Ana tezi? Upasuaji lini?

Kipepeo wa Feri: Kuna katezi kadogo chini ya taya. Upasuaji tutapangiwa.

Jino la Mwisho: Mtapangiwa, au mlishapangiwa?

Kipepeo wa Feri: Ilikuwa Jumatatu iliyopita. Niliomba isogezwe. Msinirukie. Mzee ni dalali wa samaki, ulimi ndio jembe lake. Kuna utafiti wa 2017, panya walipewa flajili na uvimbe ukapunguza kasi. Leo nampa siku ya tisa na harufu mdomoni imeisha kabisa.

Jino la Mwisho: Wale panya walipandikizwa saratani ya utumbo. Flajili imeua wadudu wa harufu, uvimbe uko palepale.

Bia Baridi: Asiguse pombe lakini. Mimi flajili na bia mbili nilitapikia keki ya harusi ya shemeji.

Mpekuzi: Hii chai. Mwaka jana si wewe uliyetangaza msiba wa baba humu, nikakutumia elfu kumi? Leo kafufuka na saratani?

Nyundo: 😂😂 Chai ya tangawizi.

Mama Wawili: Jamani, nami nilichanga!

Kipepeo wa Feri: Yule alikuwa baba mzazi. Huyu ni baba mdogo, amenilea tangu darasa la tatu. Unataka elfu kumi yako nikurudishie?

Mpekuzi: Weka picha ya cheti.

Kipepeo wa Feri: Siweki. Yuko hapa barazani, kikopo cha kutemea mate kiko miguuni, anajinadia samaki changu peke yake. "Elfu saba, elfu saba." Ile saba inatoka "thaba". Wiki jana ilikuwa inatoka vizuri.

Mpekuzi: Dah. Pole ndugu.

Jino la Mwisho: Huo ulimi unaoulinda unaliwa ukiona. Kesho saa moja asubuhi uwe mapokezi na faili lake, omba tarehe ya karibu. Waambie na dawa uliyompa.

Kipepeo wa Feri: Sawa daktari. Vimebaki vidonge sita, nimmalizie?