Naomba ushauri: nimehamia Linux Mint kutoka Windows 10

Wakuu, habari za leo. Nina steshenari ndogo. Nachapa barua, CV za vijana na kadi za michango ya harusi. Kompyuta yangu ya zamani haina TPM 2.0 (chipu ya usalama) inayotakiwa na Windows 11, na masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nikaweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, toleo la Cinnamon.

Mashine imekuwa nyepesi, na menyu nimeizoea upesi. Kinachonisumbua ni faili za wateja. Mtu analeta CV ya kurasa mbili kwenye flashi, nikiifungua kwa LibreOffice (programu za ofisi za bure, mbadala wa Microsoft Office) inamwagikia ukurasa wa tatu. Nimeweka fonti ya Carlito ili ishike nafasi ya Calibri, maandishi yakatulia, lakini majedwali bado yanahama. Kadi nilizotengeneza kwa Publisher ya Microsoft ndizo zinaniumiza zaidi: nikizifungua kwenye Draw, programu ya michoro ya LibreOffice, maua yanapanda juu ya majina ya maharusi.

Mliopita njia hii, Microsoft Office ya zamani mnaiendesha kwa Wine (inayoendesha programu za Windows kwenye Linux), au mnaweka Windows ndani ya VirtualBox (kompyuta pepe ndani ya kompyuta)? RAM yangu ni GB 4 tu. Na kwa kadi, kati ya Scribus (ya kupanga kurasa) na Inkscape (ya kuchora), ipi anayeanza ataizoea haraka? Nina oda za harusi na sitaki kumrudisha mteja.