Folda ya pamoja yaonekana Ubuntu lakini haifunguki

Bakari_MwembeTayari: Salaam wakuu. Kompyuta ya ofisi ni Windows 11, na ndani ya VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta pepe) nina Ubuntu, mfumo wa Linux. Folda ya "hati" nimeishirikisha, naiona kama /media/sf_hati, lakini nikiifungua naambiwa sina ruhusa. Nifanyeje?

fundi_makupa: Wa alaykum salaam ndugu. Folda hiyo ni mali ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) na kikundi cha vboxsf, yaani watumiaji walioruhusiwa kufungua folda za pamoja za VirtualBox, nawe bado si mmoja wao. Andika:

sudo usermod -aG vboxsf $USER

Kisha toka kwenye akaunti uingie tena. Wengi hukwama hapa: amri imekubali, lakini kikundi kipya hakishiki mpaka uingie upya. Hakikisha kwa amri ya id, inayoonyesha vikundi vyako. Usikimbilie chmod 777 (amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote), haitasaidia kitu. Ruhusa za folda hizi hupangwa wakati wa kuziunganisha na mfumo (mount).

nyali_linux: Sawa kabisa. Siku folda ikitoweka baada ya kusasisha Ubuntu, ishuku kerneli (kiini cha mfumo) mpya: moduli ya vboxsf, kipande cha kerneli kinachosoma folda hizi, haikujengwa upya. Jaribu lsmod | grep vboxsf. Isipotoa kitu:

sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r)

halafu sakinisha tena Guest Additions (programu za nyongeza za VirtualBox ndani ya Ubuntu), uwashe mashine upya. Na tafadhali usiendeshee hifadhidata ndani ya folda ya pamoja. Hata ln -s (amri ya kutengeneza njia ya mkato ya faili) hukataliwa, kwa kuwa VirtualBox huizuia kwa kawaida.

Bakari_MwembeTayari: id sasa yaonyesha vboxsf, na folda imefunguka. Shukrani sana.