Niliokoka kwenye kongamano, sasa niko peke yangu na sala haitoki

Mwalimu wa Bahi: Habari za jioni wakuu. Niliokoka nikiwa chuo, kongamano la Pasaka. Usiku wa mkesha umeme ukakatika, kwaya haikunyamaza, watu wakawasha tochi za simu. Rafiki zangu wote wako mbele wanalia. Nikajikuta nami nimesimama pale naongozwa sala ya toba. Hakuna aliyenilazimisha. Baada ya hapo raha tupu: maombi alfajiri, mazoezi ya kwaya jioni, ukiumwa unaletewa uji hosteli. Sasa nimepangiwa shule huku ndani Bahi, hakuna hata mmoja wa wale. Nafungua Marko, nasoma mistari miwili, naanza kujiuliza: haya ni kweli, au nilikuwa nawapenda tu wale watu? Mliofika kwenye imani kwa kusoma na kuhoji wenyewe, mlifanyaje?

Kijana wa UDOM: Usichukie, mwalimu, wasosholojia walishaliona hili. John Lofland na Rodney Stark walifuatilia kikundi kidogo cha dini huko Marekani, wakaandika mwaka 1965 kwamba walioingia kweli kweli ni wale waliofungamana na wanakikundi huku mahusiano yao ya nje yakiwa hafifu. Wewe umetolewa kundini, imani imepoa. Ndiyo hivyo tu.

Wa Kondoa: Kijana, mbona umeishia nusu? Makala hiyo hiyo inasema watu hao tayari walikuwa wanatafuta dini. Mimi ni Mwislamu, nitatoa mfano wa kwetu. Imamu Ghazali, mwanazuoni mkubwa, aliacha kufundisha chuo cha Nidhamiyya cha Baghdad mwaka 1095. Alikuwa ameshavisoma vitabu vya Masufi, Waislamu wanaomtafuta Mungu kwa ibada ya ndani, akavielewa, akaona kilichobaki hakipatikani kwa kusoma, mpaka uishi njia yenyewe. Huyo alianzia upande wa pili kabisa na mwalimu.

Katekista mstaafu, Mpwapwa: Mwanangu, pole na upweke. Watu wanampenda Mtakatifu Augustino kama mtu aliyejisomea mwenyewe hadi akaamini. Kweli alihangaika miaka na vitabu. Lakini siku ile alipoongoka, bustanini Milano, mwaka 386, alipofungua Warumi 13, rafiki yake Alipio alikuwa hapo hapo. Augustino akamwonyesha alichosoma. Alipio akasoma mstari unaofuata, akauchukua kuwa wake: "Yeye aliye dhaifu wa imani, mkaribisheni." Pasaka iliyofuata Ambrosi, askofu wa Milano, akawabatiza wote wawili. Sasa hapo utasema ni kitabu au ni rafiki?

Nimefundisha wakatekumeni wengi, yaani wanaojiandaa kubatizwa. Kuna mzee mmoja alikuja kwa sababu ya mkewe, hakuficha. Anakaa benchi la nyuma, kofia magotini, kimya. Wenzake wakishatawanyika ndipo ananifuata na maswali, tena yote ya Ayubu! Nyimbo hakuwahi kuzishika. Sikumharakisha, na wewe usijiharakishe. Ila Marko usimsome peke yako, tafuta hata mtu mmoja, hata mbishi.

Mwalimu wa Bahi: Shikamoo mzee, asante sana. Kijana, umenichoma, lakini sawa. Hapa shuleni kuna mwalimu wa hisabati haendi kanisa lolote, na kila nikitaja Biblia anaanza mabishano. Nitamwomba tusome wote Jumapili mchana. Akikubali nitaleta maswali yake hapa, maana najua mengine yatanishinda.

Wa Kondoa: Lete.